Dobi wa Mtaa wa Miller

Watu walipoanza kulisikia jina la Oseola McCarty mwaka 1995, walilisikia kwa sababu ya fedha. Bibi wa miaka 87 katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi, alikuwa ametoa dola 150,000 kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi ili zisomeshe vijana ambao kwao hakuna uwezo. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Shule aliiacha darasa la sita ili amuuguze shangazi yake aliyekuwa hawezi kutembea, na hakurudi tena. Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja, kufua na kupiga pasi nguo za watu. Magazeti yakamjia, kamera zikamjia, Rais Bill Clinton akampa Nishani ya Raia, na mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Harvard kikamtunuku shahada ya heshima.

Katika habari zote hizo ufuaji ulipewa sentensi moja au mbili. Alikuwa dobi, basi, kisha tukahamia benki. Nadhani hapo tulipunjwa. Zipo habari nyingi za watu waliotoa fedha, lakini ni chache mno zinazotuonyesha namna mtu alivyolishika shati lililochafuka kwa jasho na vumbi akalirudisha kwa mwenyewe jeupe, kavu, kola imesimama, mikunjo iko mahali pake. Bi Oseola aliifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya sabini. Aliijua kuliko mawakili, madaktari na wenye benki wote waliovaa alichokifua.

Siku ya kufua ilianzia uani, kwa moto. Nyumba yake ya mbao ya Mtaa wa Miller, aliyorithi kwa mjomba wake mwaka 1947, ilikuwa na uwanja nyuma, na uwanjani kulikuwa na sufuria kubwa ya chuma cheusi. Kuni chini, maji juu. Maji yenyewe aliyateka kwenye bomba la zimamoto lililokuwa jirani. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1996, *Simple Wisdom for Rich Living*, ameutaja mpangilio wake hatua kwa hatua: anaroweka, anafua, anachemsha, anasugua, anasuuza, anasugua tena, anatia wanga, anaanika. Furushi moja likishakuwa kambani lote, ndipo anagusa la pili. Mchana kutwa ni kufua, jioni ni pasi mpaka saa tano za usiku. Na anasema aliipenda kazi hiyo.

Wengi wetu tumefua kwa mikono, kwa hiyo mpangilio huo tunaupita kwa jicho la mazoea. Tusiupite. Kila kitenzi pale kina sababu yake.

Tuanze na kuroweka. Nguo ikikaa katika maji baridi au ya uvuguvugu, jasho na vumbi vinaachia vyenyewe. Mwenye haraka huanza na maji ya moto, na hapo ndipo damu, maziwa au yai vinapoivia ndani ya nyuzi, doa likawa la maisha. Kabla ya hapo kuna kuchambua: nyeupe peke yake, za rangi peke yake, zenye matope ya kazi zije mwisho, maji yakiwa yameshachoka na hayana cha kupoteza.

Kuchemsha ni kwa ajili ya pamba na kitani tu. Pamba inastahimili maji yanayotokota pamoja na sabuni kali; sufu ikitiwa humo inasinyaa na kugandamana, na mwenye koti halitamwingia tena. Katika maji yanayochemka mafuta ya mwili huyeyuka, sabuni ikayabeba, na chawa na vijidudu vikafa. Lakini sharti nguo zigeuzwe, na shuka lililoshiba maji ya moto si la kunyanyua kwa mkono mmoja. Linainuliwa kwa mti, mvuke unakupiga usoni, na Mississippi mwezi wa Julai joto linapita nyuzi 30 kivulini na hewa yenyewe imejaa maji. Ni vizuri kulikumbuka hilo tunapomsikia bibi akisema aliipenda kazi hiyo.

Kisha ubao. Alitumia ubao wa kufulia wa Maid Rite, ule wenye bati la migongo migongo ndani ya fremu ya mbao. Ubao huu unamfichua mtu asiyejua kazi. Asiyejua husugua nguo nzima kwa nguvu zake zote, shati likatoboka mgongoni ambako uchafu haukuwapo. Fundi anakwenda kwenye kola, kwapani, kwenye ncha za mikono, na mahali ambapo mkanda unagusana na tumbo. Kwingine anapita tu. Anasugua kwa kufuata uzi wa kitambaa. Na baada ya kusuuza anarudi kukagua, kwa sababu doa lililojificha chini ya uchafu hujitokeza uchafu ukishaondoka. Ndiyo maana katika orodha ya Bi Oseola kusugua kumetajwa mara mbili.

Halafu kusuuza. Kama ningeambiwa nichague hatua moja inayomtenganisha dobi na mtu aliyefua tu, ningechagua hii. Sabuni iliyobaki ndani ya nguo haionekani nguo ikiwa mbichi. Inaonekana kesho yake, pasi ya moto inapopita juu yake ikaiunguza: nguo nyeupe inapata umanjano wa meno ya mvutaji, na mwenye nguo anadhani haikufuliwa vizuri wakati kosa ni kwamba haikusuuzwa vizuri. Dawa yake ni maji mengi, maji mengine, na mengine tena, mpaka yanayotoka yafanane na yaliyoingia. Hakuna njia ya mkato. Mtu aliyechoka, mgongo unauma, maji anayabeba kwa ndoo, anapofika hapa hushawishika kusema yametosha. Hakuna atakayemwona.

Mafundi wa zama zile walitia pia bluu ya nguo katika maji ya mwisho, kidogo sana, kwa kuwa pamba ya asili huvuta umanjano, na chembe ya bluu hulidanganya jicho likaona weupe. Ikizidi, shuka linakuwa la buluu kweli na kazi inaanza upya. Wanga nao una kipimo chake. Unapikwa, unachujwa usiwe na madonge, na unatiwa kwa viwango: mzito kwenye kola na ncha za mikono, mwepesi kifuani, na mahali pengine hapatiwi kabisa, maana mwili unataka kupumua.

Kamba yake ilikuwa na urefu wa futi 100. Shati huanikwa kwa kubanwa upindo wa chini, mabega yakining'inia, ili alama za vibanio zibaki sehemu inayochomekwa ndani ya suruali. Nguo za rangi hugeuzwa ndani nje jua lisizipaushe. Nyeupe huachiwa jua kwa makusudi, kwa sababu jua ni dawa ya weupe isiyouzwa dukani. Katika kitabu kile kile anakumbuka mashati meupe yanavyong'aa juani, na ukisoma unaona si fahari ya kumaliza kazi tu. Anayaona ni mazuri.

Pasi haipigwi kwenye nguo kavu kabisa. Nguo iliyotiwa wanga hunyunyiziwa maji, huviringwa, huachwa ilale ili unyevu uenee sawasawa, ndipo inafunguliwa mezani. Kwa shati, kola kwanza, kisha mabega, mikono, na vifua na mgongo mwisho, kwa sababu ukianza na kifua utakikunja upya wakati unashughulikia kola. Enzi za pasi za chuma kitupu zilizowekwa juu ya jiko, fundi alikuwa na zaidi ya moja: inayofanya kazi inapoa, nyingine inapata moto. Joto alilipima kwa kidole kilicholowa maji, kwa mlio tu.

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya nimheshimu mama huyu kuliko hundi yake. Miaka ya 1960, mashine za kufulia zikiwa zimeenea Marekani, naye alinunua ya kufulia na ya kukaushia. Akazijaribu, akazikataa. Mashine haikusuuza ipasavyo, na kikaushio kiliziachia nguo nyeupe umanjano. Akarudi kwenye sufuria, ubao wa Maid Rite na kamba yake.

Tukio hilo husimuliwa kama kichekesho cha bibi asiyetaka mambo mapya. Mimi naliona ni hukumu ya fundi aliyepewa chombo akakijaribu kwa kipimo chake. Hakulalamika kwamba mashine ni ghali au inatisha. Alitaja makosa mawili mahususi, na yote mawili yanatazama matokeo kwenye kitambaa. Alikuwa na kila sababu ya kujiridhisha kwamba yametosha. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, kazi ni nzito, na mteja pengine asingeona tofauti. Yeye aliiona.

Na fikiria upande wa wateja. Mwaka 1990, mji wa Marekani, watu wana mashine jikoni kwao, bado wanabeba mafurushi kumpelekea bibi wa miaka 82 uani kwake. Huruma haiwezi kuendesha biashara kwa miaka yote hiyo. Walimpelekea kwa kuwa mashati yalirudi vile mashine yao isivyoweza kuyarudisha. Hapo ndipo fedha zilipotoka. Akiba inahitaji mtu mwenye nidhamu, sawa, lakini inahitaji kwanza kipato kisichokatika, na kipato chake hakikukatika kwa sababu ya yale maji ya kusuuzia.

Kipato chenyewe kilikuwa kidogo. Mwanzoni furushi lilimpatia dola moja na nusu au mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilifika dola 10, na mwenyewe alisema ndipo alipoanza kuweka akiba ya maana. Kwa wanawake weusi wa kusini mwa Marekani kama yeye, bei ya furushi ilikuwa ugomvi wa zamani. Juni 1866, utumwa ukiwa umekoma mwaka mmoja tu nyuma, wanawake wafuaji wa Jackson, mji mkuu wa Mississippi hiyo hiyo, walimwandikia meya kumjulisha kwamba wamekubaliana bei moja: dola 1.50 kwa siku, na 15 kwa mwezi kwa nguo za familia. Mwaka 1881 wenzao wa Atlanta waligoma. Walianza kama 20, na katika muda wa wiki chache wakafika 3,000. Walikamatwa, wakatozwa faini, wakatishiwa kodi ya leseni, wasirudi nyuma. Ufuaji ulikuwa kazi ya kupiganiwa kwa sababu ulifanyika nyumbani kwa mfuaji mwenyewe. Alilea wanawe, alipanga siku yake, na hakuwa chini ya macho ya bibi wa kizungu jikoni kwa mtu. Nyumba ya akina McCarty ilikuwa hivyo hivyo: bibi, mama, shangazi, na mtoto Oseola aliyezaliwa mwaka 1908, wanawake watupu wakiishi kwa kazi za mikono yao.

Nalisema hili kwa sababu sifa anazomwagiwa zina hatari yake. Ni rahisi kumsifu maskini aliyeweka akiba na kusahau kuuliza kwa nini kazi ngumu namna ile ililipwa vile. Anayemlipa mama fua wa Nairobi nauli na kisahani cha chakula kisha akasimulia kwa machozi habari za Bi Oseola, ajitazame.

Kujinyima kwake nako kumesemwa mpaka kumezidi: kwamba viatu vilivyombana alivikata ncha ili vidole vipate nafasi, kwamba hakuwa na gari, alikwenda dukani kwa miguu akisukuma kitoroli, kwamba Biblia yake ilikuwa imeshikiliwa kwa utepe wa gundi isimwage kurasa za Wakorintho. Yote hayo ni kweli, lakini sioni mateso ndani yake. Kitabu kimesomwa mpaka kikalegea, akakishikiza, akaendelea kusoma. Mtu anayeishi kwa kurefusha maisha ya vitambaa vya watu hatupi kitu kwa sababu kimechakaa kingo. Jumapili alikuwa kanisani, Friendship Baptist, na sehemu ya kanisa katika mali yake haikuwa ya kujadiliwa.

Tabia ya benki aliianza utotoni. Senti zake alizificha ndani ya kigari cha mwanasesere, zikijaa anazipeleka benki, na akishaziweka hazigusi. Mama yake alipofariki mwaka 1964 na shangazi mwaka 1967, kidogo walichomwachia kiliingia humo humo. Wenye benki walipoona inavyokua, wakamshauri azigawe kwenye amana za muda maalumu na mifuko ya uwekezaji, akasikiliza. Fundi mzuri huwa anamsikiliza fundi wa kazi nyingine.

Desemba 1994 baridi yabisi ya mikono ikamwachisha kazi. Alikuwa na miaka 86. Ndipo swali la mali likaja, na namna lilivyojibiwa naipenda kwa unyoofu wake. Ofisa wa benki alimwekea mezani sarafu kumi za senti kumi, kila moja ikiwakilisha sehemu moja ya kumi ya alichonacho, akamwomba azigawe. Moja akaiweka kwa ajili ya kanisa. Tatu akazigawa kwa jamaa zake watatu, moja moja. Zilizobaki, sita, akasema ni za chuo. Karatasi za kisheria zilishughulikiwa na wakili wa mjini ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfulia nguo kwa miaka mingi. Mpango ukawekwa benki imtunze kwanza kwa matumizi yake mpaka afe, chuo kipate baadaye. Hata hivyo watu wa Hattiesburg walipopata habari, mamia walichanga kulinganisha zawadi yake, na mwanafunzi wa kwanza akaanza kusoma mwaka ule ule wa 1995 bila kusubiri msiba.

Kwa nini chuo kile? Jibu lake lilikuwa jepesi: kipo karibu. Lakini aliongeza kwamba zamani hawakuwapokea watu weusi, na sasa wanawapokea. Wakazi wa Hattiesburg walijua uzito wa neno hilo. Kuanzia mwaka 1956 Clyde Kennard, mkulima mweusi aliyekuwa mwanajeshi, aliomba kusoma pale mara kadhaa akakataliwa. Mwaka 1960 akasingiziwa kuhusika na wizi wa chakula cha kuku, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, akaugua saratani gerezani, akaachiwa akiwa hoi na kufariki Julai 1963. Wanafunzi weusi wa kwanza, wanawake wawili, waliingia mwaka 1965, Bi Oseola akiwa na miaka 57 na ubao wake wa kufulia. Mahali ambapo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake asingeruhusiwa kuketi darasani, ndipo alipopeleka sarafu sita kati ya kumi.

Alikufa tarehe 26 Septemba 1999, miaka 91, kwa saratani ya ini, katika mji ule ule. Miaka yake minne ya mwisho ilikuwa ya safari: ndege, hoteli, mwenge wa Olimpiki wa mwaka 1996 mkononi. Kabla ya hapo safari yake ya kutajika ilikuwa ya kuona maporomoko ya Niagara. Hotelini alitandika kitanda chake mwenyewe kabla ya kuondoka, na waandishi wakaona ajabu. Kitanda kilichovurugwa kinamngoja mwanamke wa kazi, na yeye alijua mwanamke huyo anafika kazini saa ngapi.

Chuoni hakudai jengo lenye jina lake. Alitamani jambo moja, kualikwa siku mwanafunzi aliyesoma kwa fedha zake atakapohitimu, ameketi kati ya wazazi akiangalia majoho yakipita. Nina hakika jicho lake lingekwenda kwanza kwenye kola.